Mkebe wa Nne wa Bathsheba Mokeira

Bathsheba Mokeira alikuwa ameshona beji za watu wengine kwa miaka kumi na minne kabla hajaitamani moja ya kwake.

Chumba chake cha cherehani kiko Kendu Bay, nyuma ya duka la mbegu. Ukiingia, kwanza unainama, kwa sababu kuna kamba iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta na juu yake zimening'inia sare za shule, gauni la bi harusi ambalo bado halina mikono, na mikanda ya Watafuta Njia, chama cha watoto wa kanisa la Waadventista. Mtoto akijua kufunga mafundo, anapewa beji. Akijua majina ya ndege, beji. Akijua kupika uji juu ya mafiga bila kuuunguza, beji. Zote huletwa kwa Bathsheba, naye huzishona kwenye ule mkanda kwa safu zilizonyooka hata mzazi huona haya kumuuliza kama alitumia rula.

Alizaliwa Nyamira. Mumewe Mogire ndiye aliyemleta ziwani, miaka thelathini na miwili iliyopita, alipokuja kuuza ndizi na kuona kwamba watu wa huku wanazila kweli kweli. Majirani Wajaluo walimwita Nyar Kisii, msichana wa Kisii, na wanamwita hivyo hadi leo ingawa ana wajukuu watano na goti moja linalolia akipanda ngazi.

Siku moja ya mwezi wa tano, mwalimu Phelesia Achieng, kiongozi wa kile chama, alimletea beji ambazo Bathsheba hakuwa amewahi kuziona. Zilikuwa na picha ya kisanduku na mshale.

"Hii nayo ni ya nini, mwalimu?"

"Ya jiokeshi, mama."

"Jiokeshi ni chakula?"

Phelesia akaketi kwenye kiti cha wateja akamweleza. Mtu anaficha mkebe mahali, porini au mjini. Anachukua namba za ramani za mahali hapo na kuwapa wengine. Wao wanazitia kwenye simu, wanaufuata mshale, wanautafuta.

"Wakiupata wanauchukua?"

"Hapana. Ndani kuna kidaftari. Unaandika jina lako na tarehe, unaurudisha pale pale ulipoutoa."

"Halafu?"

"Halafu unaenda kutafuta mwingine."

Bathsheba alisimamisha cherehani. "Mwalimu, mimi natafuta miwani ya Mogire kila asubuhi. Naipata, anaivaa, kesho ameipoteza tena. Hiyo beji nipe sasa hivi."

Phelesia alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akaona mwenzake bado anamtazama, sindano mkononi, bila tabasamu.

"Watu wazima wanaruhusiwa?" Bathsheba aliuliza.

"Wanaruhusiwa. Lakini lazima upate mikebe minne mwenyewe, na uandike jina kwenye vidaftari vyote vinne."

"Niandike."

Habari zikaenea kanisani, na kufikia Sabato iliyofuata watu wazima kumi na wawili walikuwa wamejiandikisha. Phelesia aliomba ruhusa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kule bonde la Lambwe, akaenda mapema na askari wa wanyama wakaficha mikebe minne mahali watu wanaporuhusiwa kutembea. Safari ikapangwa Jumapili ya pili ya mwezi wa sita.

Kwetu, watu kumi na wawili wakikusanyika bila sare huo si mkutano, ni foleni. Kwa hiyo zikahitajika trakisuti. Phelesia alitaka rangi ya damu ya mzee. Bathsheba hakukubali. Alikuwa ameona sokoni Oyugis kitambaa cha buluu, buluu inayowaka, ambayo ukiitazama unahisi umenawa uso. Akakinunua. Akatia mistari minene myeusi mabegani na kwenye miguu. Majaketi akayawekea bitana ya rangi ya mchanga, ingawa hakuna aliyemwomba, kwa sababu fundi aliyemfunza kazi alimwambia nguo isiyo na bitana ni kama nyumba isiyo na dari. Walipozivaa mara ya kwanza uani kwa kanisa, mchungaji aliwapiga picha tatu.

Nyumbani, Mogire alimtazama mkewe na trakisuti yake, akatikisa kichwa. "Mama Nyakerario, yaani mtu mzima anaenda Ruma kutafuta mkebe?"

"Na wewe utanisaidia kufanya mazoezi."

Mogire si mtu mbaya. Asubuhi iliyofuata alichukua kopo la siagi, akalificha bomani, akaja na karatasi: hatua arobaini kutoka mlangoni kuelekea Homa Hills, halafu hatua kumi na tano mkono wa kushoto. Bathsheba akahesabu hatua na kujikuta katikati ya tuta la sukumawiki. Akapekua kila jani. Hakuna kitu.

"Hatua zako au zangu?" aliuliza.

"Zangu, bila shaka."

Wakaanza upya na hatua za Mogire. Wakafika kwenye tangi la maji. Hakuna kitu. Mogire akakuna kisogo. Ilionekana kwamba alipoficha kopo kwanza hakupapenda mahali pale, akalihamisha, kisha akalihamisha tena, na sasa yeye mwenyewe hakumbuki aliliacha wapi. Walitafuta wote wawili hadi wakati wa chakula cha mchana, na kopo likapatikana ndani ya banda la kuku, na kuku akiwa amelikubali kabisa na kuanza kulilalia.

"Mazoezi mazuri," alisema Mogire.

Siku ya safari, basi la shule liliwafikisha langoni mwa Ruma saa mbili asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Waliteremka mmoja mmoja, buluu na nyeusi, buluu na nyeusi. Askari wa wanyama aliyekuwa akiwangoja aliitwa Austine, kijana mrefu wa Mbita mwenye bunduki begani na adabu nyingi. Alimsalimia wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Alipofika kwa wa tano midomo ilianza kumcheza, na kwa wa nane alikuwa ameshika nguzo ya lango, amegeuka upande, mabega yanatetemeka.

"Samahani," alisema akijifuta macho. "Samahanini sana wazazi wangu. Ni nani amewashonea hizi nguo?"

Vichwa kumi na kimoja viligeuka kumtazama Bathsheba.

"Ni mimi," alisema Bathsheba. "Zina nini?"

Austine aliwapeleka hatua chache kando ya barabara na kuwaonyesha kitu kilichoning'inia kwenye mti. Kilikuwa pazia la kitambaa lenye umbo la pia, chandarua juu yake. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha buluu inayowaka, na vipande vinene vyeusi.

"Huu ni mtego wa mbung'o," alisema. "Maugo, kwa Kijaluo. Yule nzi anapenda buluu kuliko kitu chochote. Akiiona kwa mbali anakuja. Akifika, anatua kwenye nyeusi. Mama, bila kujua umeshona mitego kumi na miwili yenye miguu."

Kisha Oyaro akajipiga kofi shingoni.

Oyaro ni mwenye duka la simu mjini, mtu wa miaka hamsini hivi, kitambi cha heshima, na imani kubwa kwa kila kitu chenye betri. Ndiye aliyepangwa kuwa mwenzake Bathsheba, kwa sababu kila timu ilihitaji mtu mmoja wa simu. Alitazama nzi aliyemwangukia kiganjani, akamtazama Bathsheba.

"Nyar Kisii, umetuua."

"Hamfi," alisema Austine. "Ila wanauma kama sindano ya daktari. Na nyinyi mtawaita wote kutoka bonde zima."

Phelesia aliuliza kama warudi nyumbani. Wengine walianza kugeuka kuelekea basi. Bathsheba alisimama akihisi uso unawaka. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kurudisha nguo yake, na sasa nguo kumi na mbili zilikuwa zinarudishwa kwa siku moja, mbele ya mtu mwenye bunduki. Kisha akafungua zipu yake, akavua jaketi, akaligeuza nje ndani, akalivaa tena. Bitana ya rangi ya mchanga ikatokeza.

"Hii je, afande? Hii rangi wanaipenda?"

Austine alilikagua. "Hii hawana habari nayo."

Ndivyo watu kumi na wawili walivyogeuza majaketi yao langoni mwa Ruma. Mishono yote sasa ilikuwa nje, na Bathsheba akajikuta akitembea nyuma ya kila mtu akiikagua mmoja mmoja. Haukuwepo uzi ulioning'inia. Alipofika kwa wa mwisho shingo yake ilikuwa imenyooka tena.

Suruali, lakini, hazikuwa na bitana. Wanawake walikuwa wamebeba leso za kukalia wakati wa chakula. Zikatolewa zote, wakazifunga kiunoni, na kwa kuwa zilizidi, wanaume nao wakagawiwa. Oyaro alipata ya njano yenye maua mekundu ya waridi. Akasema bora aumwe. Mbung'o wa pili akamsikia. Akaifunga.

Mkebe wa kwanza ulikuwa rahisi, chini ya jiwe mahali pa kupumzikia wageni, karibu sana na meza hata Bathsheba aliona ni kama kudanganywa. Waliandika majina, wakaurudisha.

Wa pili ulikuwa karibu na mgunga mmoja uliosimama peke yake. Oyaro alitangulia na simu mbele kama mtu anayebeba taa, leso ikipepea, Austine akiwafuata kwa macho kutoka kwenye njia.

"Simu inasema mita tano," alisema Oyaro. Akazunguka mti. "Inasema mita nane." Akazunguka tena. "Sasa inasema mita nne, upande ule." Upande ule ulikuwa ndio aliotoka. Alizunguka mgunga ule mara sita.

"Ndugu Oyaro, weka hiyo simu chini kidogo."

"Hii inaongea na setilaiti, mama."

"Basi iache iongee. Sisi tutafute."

Bathsheba hakutazama mshale. Alitazama mti kama anavyotazama gauni lililotengenezwa na fundi mwingine, akitafuta mahali mkono wa mtu ulipopita. Gome lote lilikuwa na nyufa za kwenda juu. Sehemu moja, karibu na mzizi, nyufa zilikwenda kando. Akainama, goti likalia, akagusa. Kilikuwa kitambaa cha kahawia, kimefungwa kwa mkebe mdogo uliosukumwa ndani ya tundu. Alikivuta akacheka peke yake. Kitambaa kilikuwa mabaki ya suti ya mchungaji, ambayo yeye mwenyewe alimpa Phelesia.

Oyaro alisoma simu yake. "Bado inasema mita saba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa.

Wa tatu ulikuwa juu ya kilima kidogo, na kwa ajili ya goti la Bathsheba walikipanda polepole, wakisimama kila baada ya muda na kujifanya wanatazama mandhari. Walipofika juu hawakuhitaji kujifanya. Bonde lote lilikuwa chini yao, nyasi ndefu zikilala upande mmoja na kuinuka, kongoni wakitembea ndani yake wakionekana vichwa tu, na milima ya Gwassi kule ng'ambo. Na mbali, mahali ambapo vilima vinaachana, kulikuwa na kipande cha ziwa.

Bathsheba alikitazama kwa muda mrefu. Amekaa kando ya ziwa lile zaidi ya nusu ya maisha yake. Amenunua samaki wake, amefua kwa maji yake, ameuchukia upepo wake unaorusha mchanga kwenye vitambaa. Lakini hajawahi kuliona kutoka mbali, likiwa limetulia na halina harufu.

"Mbona unanyamaza?" Oyaro aliuliza.

"Nilikuwa sijui kwamba ni zuri," alisema. "Nilidhani ni kubwa tu."

Waliandika majina kwenye kidaftari cha tatu, wakashuka.

Mkebe wa nne ndio uliowaletea shida. Namba zilionyesha kichaka cha migunga mifupi karibu na njia, na safari hii simu na macho vilikubaliana: ulikuwa chini ya mti wa kati, penye kivuli. Tatizo ni kwamba chini ya mti wa kati, penye kivuli, alikuwa amelala mtoto wa twiga. Miguu imekunjwa, shingo imesimama, masikio yanacheza. Mama yake alikuwa kando, anakula majani ya juu.

"Tunangoja," alisema Austine.

"Tunangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka atakapoamka, mzee. Hapa ni kwake."

Timu nyingine zilikuwa zimefika mapema, kabla ya twiga, na zimemaliza. Phelesia aliwaita wale, wakarudi kwenye meza kula. Oyaro na Bathsheba wakabaki na Austine, wakaketi kwenye kisiki mbali kidogo. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Twiga mkubwa aliwatazama huku akitafuna, bila haraka, kama karani wa ofisi ambaye hajafungua dirisha.

Katika kungoja huko Oyaro alianza kuzungumza. Alisema tangu binti yake wa mwisho aolewe Migori, Jumapili zimekuwa ndefu. Anafungua duka, anafunga, anafungua tena bila sababu. Alipoona tangazo la jiokeshi kanisani alijiandikisha kabla ya kusoma mpaka mwisho.

"Na mimi nikakuvisha leso," alisema Bathsheba.

Oyaro alitazama waridi mapajani mwake. Alianza kucheka taratibu, tumbo kwanza, na Bathsheba akacheka naye, na Austine akawaomba tafadhali wacheke kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto wa watu amelala.

Kufikia saa kumi na nusu ilibidi waondoke, basi liwahi kutoka kabla lango halijafungwa. Twiga mdogo alikuwa bado pale pale. Phelesia alikuja kuwachukua, akaona hali ilivyo, akawaonea huruma.

"Mkebe mmeuona mahali ulipo," alisema. "Nitawahesabia. Nani atajua?"

Oyaro alikuwa tayari kushukuru. Bathsheba alitikisa kichwa.

"Mwalimu, kuna mtoto wa darasa la tatu aliyerudi kwa ile beji ya mafundo mara nne kwa sababu fundo moja lilikuwa linafunguka. Niliishona mimi. Nikikutana naye nitamwambia nini? Hapana. Mitatu ni mitatu."

Akaondoka na mitatu, na ndani ya basi hakuwa na huzuni hata kidogo. Alilala njia nzima mdomo wazi.

Majuma mawili baadaye Oyaro alisimamisha gari lake kuukuu mbele ya chumba cha cherehani, akapiga honi. Alikuwa amevaa shati la kahawia na suruali ya kahawia. Bathsheba alitoka na nguo za rangi ya udongo toka kichwani hadi miguuni, na nyuma yake alikuwa Mogire, aliyesema anakwenda tu kuhakikisha mkewe hapotei, na aliyekuwa amebeba ndizi za kuchemsha za kutosha watu tisa.

Austine aliwapokea na kupanda gari pamoja nao. Twiga hawakuwepo. Bathsheba alienda moja kwa moja kwenye mti wa kati, akapapasa chini ya kivuli, akatoa mkebe kati ya mawe mawili. Uliingia vumbi kidogo tu. Aliandika jina lake lote, Bathsheba Mokeira Mogire, kwa herufi za kanisani, akampa Oyaro kalamu. Mogire, ambaye hakuwa mwanachama wa kitu chochote, alidai na yeye aandike.

"Wewe umetafuta nini?"

"Nimekutafuta wewe Nyamira nzima," alisema, akaandika.

Beji ilifika mwezi uliofuata. Phelesia alikataa Bathsheba aishone mwenyewe. Akaishona yeye, kwa mkono, usiku mmoja baada ya kusahihisha madaftari, na ikakaa imepinda upande wa kushoto. Bathsheba aliitazama, akameza mate, akamshukuru. Hakuifumua, na wanaomjua wanasema hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko mikebe yote.

Lakini siku ile ya mkebe wa nne ilikuwa bado ina jambo moja. Walipokuwa wakirudi langoni, Austine alimwomba Oyaro asimamishe gari. Alisema neno moja tu, "Polepole," na sauti yake ilikuwa imebadilika. Kando ya njia, ndani ya nyasi, walisimama wanyama watatu wakubwa wa rangi ya udongo, pembe zimepinda nyuma, nyuso nyeusi na nyeupe kana kwamba wamejipaka kwa sherehe.

"Korongo," Austine alinong'ona. "Si yule ndege, huyu ni swala. Katika Kenya nzima wamebaki hapa tu, na ni wachache sana. Mimi mwenyewe nina miezi sijawaona."

Oyaro hakugusa simu. Bathsheba alishika mlango wa gari asipumue. Mmoja wa wale wanyama alipiga hatua mbele, akawatazama wote wanne ndani ya gari, masikio yake marefu yakiinama kama ya mtu anayesikiliza habari asiyoiamini.

"Anafanana na shemeji yako Onyancha," alisema Mogire.

"Nyamaza, Baba Nyakerario."

"Pale alipokuja kuomba ng'ombe."

Bathsheba aliuma kitambaa cha kichwani asicheke. Austine alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti. Korongo aliwatazama kidogo tena, akageuka na wenzake, wakaingia ndani ya nyasi bila kukimbia, nazo zikajifunga nyuma yao.

Kisha Mogire akafungua sufuria, akawagawia ndizi, mbili mbili, na ya Austine akaongeza moja.